Nyongeza

Ile nguzo ya Mwaloni Kirumba niliipanda mwenyewe,
mkanda kiunoni, bisibisi mdomoni,
kongoti wakinitazama kutoka kwenye mabati
kama wakaguzi wanaosubiri posho.
Nikakifunga kisanduku cheupe, kidogo kama nusu mkate.
Kikafumbua jicho la kijani, na chini watu wakapiga makofi.
Waifai ya bure, bango lilisema,
na bure ni neno linaloingia sokoni bila kulipa ushuru.

Vijana wa magunia waligusa NAKUBALI
kabla vigezo na masharti havijamaliza kufunguka.
Siwalaumu. Mimi niliyekifunga
nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasinzia.

Mama Minza hakugusa kitu.
"Simu hii kaniletea binti yangu, yeye ndiye anayeijua.
Huo upepo wenu mimi siutaki."
Akaendelea kupima dagaa kwa kopo la sadolini,
akilijaza, akilisukasuka, akilijaza tena,
halafu ile konzi ya juu, nyongeza,
ambayo haijaandikwa popote.

Lakini simu haikufunzwa kunyamaza.
Hata ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga
huita, na huita tena,
majina ya kila mtandao uliowahi kuipokea,
kama mtoto aliyepotea gulioni
akitaja nyumba zote alizowahi kulala:
Uko hapa, nyumba ya Anzelmi?
Uko hapa, gesti ya Nansio?
Uko hapa, kliniki ya mlimani, ghorofa ya tatu?

Kisanduku changu hakijibu. Kinaandika tu:
saa, dakika, nambari ya kifaa, nguvu ya sauti yake,
na kwa nguvu ya sauti kinajua
umesimama hatua ngapi kutoka kwenye mzani.

Jioni, ofisini, majina yakapanda kwenye kioo.
"Hakuna jina la mtu humo," meneja Rwegoshora alisema.
"Ni nambari, fundi. Nambari haina uso."
Lakini nambari inayofika alfajiri
mitumbwi ya Kome ikishusha,
ikasimama meza ya nne hadi adhuhuri,
na kila Alhamisi ikakosekana,
na Ijumaa ikarudi ikiita kliniki ya mlimani,
mimi nikitaka uso wake
nafumba macho tu.

Juni akaja mteja, kampuni ya mikopo,
ile ya aina tunayoiita kausha damu.
Walitaka kujua nani sokoni ana Alhamisi.
Meneja akasema ni biashara, sheria haijakataza.
Alisema hivyo mara mbili,
na mtu hasemi mara mbili kitu anachokiamini.
Nikatengeneza faili. Nikalituma.
Nina ada ya shule, nina kodi ya nyumba Mabatini.
Hayo ndiyo niliyoiambia dari usiku kucha.

Siku tisa nilipita njia ya juu.
Ya kumi nikashuka mwaloni, nikajifanya mnunuzi.
"Mama Minza, ukiwa hapa
izime ile alama ya upepeo kwenye simu yako.
Inasema mambo."

Hakuuliza mambo gani.
"Na wewe," alisema, "ulikuwa unasikiliza?"

Nikatazama dagaa. Wana macho wengi, dagaa.
"Tangu Machi," nikasema.

Akachota. Akajaza kopo, akalisukasuka,
akajaza tena, kisha akapitisha kiganja juu
kama mwalimu anayefuta ubao,
dagaa wakawa sawasawa na mdomo wa kopo.
Akanifungia kwenye gazeti.
Akanirudishia chenji yangu yote,
akiihesabu kwa sauti, mbele ya watu.

Nyongeza hakuweka.

Juu yetu kisanduku kilipepesa kijani,
kikaandika kwamba simu mbili zilisimama karibu,
mita moja, dakika sita,
kisha moja ikaondoka.