Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kunong'ona.
Nakaa nyuma ya pazia la kushoto, juu ya kreti la soda,
tochi mdomoni, muswada mapajani,
na mwigizaji akipotea namrudisha njiani.
Silipwi ili nionekane.

Mchezo unaitwa *Saini*.
Kitwana Mbelwa, katibu wa makuli wa bandarini,
anashinda na njaa getini siku tisa,
ya kumi anaitwa ofisini, anapewa kiti,
anapewa chai ya iliki
na kalamu.
Hadithi ndiyo hiyo. Saa nzima na nusu ya chai na kalamu.

Aliyeandika ni Pendaeli. Alikuja Keko na muswada
ndani ya mfuko wa rambo uliokwisha kupigwa marufuku,
feni imekufa, mavazi yanatunukia jasho la watu wengine,
akaapa mbele yetu: haitoki hata nukta.
Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Wiki mbili kabla, akaja bwana wa ukumbi,
mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata.
Hakukataza kitu. Laiti angekataza.
Alisema mchezo mzuri, mama yake angeupenda,
alisema mwezi huu maombi ya ukumbi ni mengi,
kisha akaweka kidole ukurasa wa arobaini na moja
kama anayekuonyesha doa kwenye nguo yako,
kwa wema tu.

*Sikuwauza watu wangu. Niliwapangisha,
na mpangaji mpaka leo hajahama.*

Pendaeli aliuliza bei ya ukumbi mwingine.
Akahesabu kwa vidole: taa, mlinzi, nauli za watu kumi na mmoja,
kodi ya Siwatu kule Mbagala, miezi mitatu,
mtoto wa Ladislaus aliyelazwa Temeke.
Vidole vikaisha.
Akaomba kalamu.
Mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Mstari mmoja wa buluu, mnyoofu.
Chini yake maneno bado yanasomeka.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Lisilosemwa je, hukaa wapi?
Kwa sasa linakaa kwangu, bila kodi.

Usiku wa kwanza viti vimejaa.
Safu ya tano, bwana wa ukumbi. Kweli kaja na mama yake,
kitenge kipya, mkoba magotini.
Nyuma kabisa, makuli sita tuliowapa tiketi za bure,
wamevua kofia kama wako msibani.

Ladislaus anashika kikombe. Anageuka.
Ananyamaza.

Miaka sita namnong'oneza, hajawahi kusahau neno.
Jicho lake linatafuta kona yangu.
Feni ya ukumbi huu inafanya kazi; naisikia.
Mama wa safu ya tano amesogea mbele ya kiti,
mdomo wazi kidogo, kama anayemsubiri mjukuu amalize kuhesabu.
Mwanga wa tochi una mistari miwili:
ule wa chini ya wino,
na unaofuata.

Nikanong'ona unaofuata.

"Leteni chai nyingine," akasema Ladislaus,
na ukumbi ukacheka, ukapiga makofi,
na Pendaeli mlangoni akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Baadaye, nikikunja pazia, kuli mmoja akanijia,
mzee mzee, bega moja limeshuka kuliko jingine.
"Pale aliponyamaza," akauliza, "alitaka kusema nini?"

Muswada ulikuwa kwapani mwangu.

"Alisahau," nikamwambia.

Akanitazama kwa muda. Akavaa kofia.
"Basi kasahau vizuri," akasema,
akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta.

Kesho tunaanza saa kumi na mbili jioni.
Nikumbuke betri za tochi.