Konokono wa Wiki ya Pili

Shahada ya miaka mitatu wameikunja ikawa miwili
kama shuka la kitanda cha mgonjwa, pembe kwa pembe.
Hakuna kilichokatwa,
ila wewe ndiye unayebanwa katikati.

Wiki ya kwanza mkataba. Wiki ya pili konokono.
Dakta Threlfall hakuvua hata koti:
"Mwanamke, mkahawani, Paisley, Uskoti.
Rafiki yake kamnunulia soda ya tangawizi,
chupa nyeusi, huoni ndani.
Kanywa. Rafiki akammiminia iliyobaki,
na konokono akatoka, ameshaoza."
Darasa likacheka.
Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
viatu bado vinanuka dawa ya sakafu.
Nikaandika KONOKONO, nikapiga mistari miwili chini yake,
bila kujua kwa nini.

Iffat wa kando yangu ana miaka kumi na tisa
na kalamu za rangi saba.
Mimi nina arobaini na mmoja
na kalamu moja ya kampuni ya mazishi:
walizigawa bure pale nyumba ya wazee ninapofanya kazi.

Kwetu wameshanisomea hukumu kwa simu.
Kaka Badi: haraka haraka haina baraka.
Nami, kwa kuwa nimeanza kufundishwa kubisha kwa utaratibu,
nikawasilisha kesi pinzani:
ngoja ngoja huumiza matumbo.
Kimya. Kisha, "Ndiyo hayo unayosomea?"
Ndiyo hayo, kaka. Kila methali ina wakili wake,
na kila wakili anadai ada.

Julai wale wa miaka mitatu walifunga mabegi.
Maktaba ikabaki na sisi kumi na wanane na mfuta meza.
Mvua ya Preston haikuambiwa kwamba ni kiangazi.
Agosti mtihani wa amana. Jumatatu iliyofuata, ardhi:
nani ana haki ya kupita shamba la nani,
na mto ukihama, je, mpaka nao unahama?
Nasoma ndani ya basi. Nasoma wali ukiungua.
Nasoma saa tisa ya usiku, kengele za vyumba zimelala,
mpaka ya chumba cha sita ilie:
Mzee Ormerod anataka maji, au anataka mtu.

"Unasoma nini?"
"Jaji anauliza, jirani yangu ni nani."
Miaka thelathini alifunga injini za malori;
hajibu kitu kabla hajakizungusha mkononi.
"Ni yule anayesikia ukianguka," akasema,
akarudisha gilasi.
Nimeiandika pembeni mwa ukurasa.
Haina mwaka, haina mahakama, huwezi kuinukuu.

Sikufuata joho. Nilifuata kurasa tisa.
Mwaka wangu wa kwanza hapa, chumba cha kupanga,
nilitia saini ya tisa bila kusoma ya nne,
na ya nne ndiyo iliyonitoa nje, Februari,
mtoto mkono huu, televisheni mkono huu.
Mwenye nyumba hakufoka. Alionyesha kwa kidole, kwa upole kabisa:
"Lakini ulisaini."
Hiyo ndiyo ada yangu ya kwanza ya chuo.

Mhadhara wa mwisho Threlfall alimrudia konokono.
Kumbe hakuthibitishwa kamwe.
Muuza soda alikufa, wakamalizana nje ya mahakama,
na hadi leo hakuna ajuaye kama alikuwemo chupani.
Sheria nzima imepanda mgongo wa kiumbe
ambaye labda hakuwako.
Nilicheka peke yangu safari hii,
wenzangu wakinitazama.

Jioni hiyo, kituo cha mabasi, nikiwahi zamu,
nilimwona Iffat amelala kwenye benchi,
kalamu ya kijani imechomekwa kwenye nywele,
sheria ya jinai wazi mapajani.
Basi langu lilikuwa limeshawasha injini.
Lake pia, mlango wa pili yake.
Nikarudi, nikamgusa bega.
"Amka. Lako hilo."