Samaki Nchanga

Bibi, ungenicheka.
Kule Newala tuliwachimbua kwa jembe,
tukawabanika kwenye vijiti, watano watano,
ukasema: kula, samaki nchanga hana mwiba.
Leo hapa Shangani nawalisha kwa mkono,
weupe, macho mekundu kama mbegu za mtipitipi,
na mshahara wangu ni kuwaandika daftarini.

Jumatatu, saa mbili asubuhi:
tone la bakteria puani, kila mmoja lake.
Wakapiga chafya, wakarudi kwenye pumba.

Kila saa ina panya wake,
maana pafu halisomeki mwenyewe akiwa hai.

Namba kumi na saba, saa sita baadaye.
Vifuko vya hewa, vyembamba kama ganda la kitunguu,
na ndani yake chembe wenyeji, zile nene.
Zimemeza zilichoweza.
Sasa zinapiga yowe.
Ni kemikali tu, asema Daktari Nambunga,
lakini mimi nimekulia Newala,
yowe nalijua hata likiwa bubu.

Namba kumi na nane, usiku wa manane.
Wameitika.
Chembe nyeupe, viini vimekatikakatika kama shanga,
zinapenya ukuta wa mshipa bila hodi.
Zilizoshindwa kumeza zinajipasua,
zinatupa nyuzi za viini vyake ziwe nyavu,
na bakteria ananaswa humo,
na ukuta wa nyumba unachanika humo humo.
Nilihesabu mia nne, nikapotea, nikaanza upya.

Bibi, masika ile ya kichomi
kifua chako kikikwaruza kama mbuzi ya nazi,
Mjomba Chilumba akikukanda kwa maji ya moto,
nilidhani ni ugonjwa unaofanya fujo yote ile.
Sikujua nusu yake ulikuwa wewe.
Yale makohozi ya rangi ya kutu
niliyoyafukia nyuma ya jiko kwa kinyaa
yalikuwa na maiti za askari wako.

Siku ya tano wafagiaji huja,
hula wafu wa pande zote mbili, hawaulizi ukoo.
Wewe hukuifikia siku ya tano.

Namba ishirini na moja ameifikia.
Anapumua vizuri. Anajilamba masharubu.
Kesho saa mbili nitalisoma pafu lake.

Nimempa karanga moja ya Masasi.
Hairuhusiwi.
Sikuiandika.