Mwandika Mawe

Miaka ishirini na saba baba yangu Nicasio
aliandika majina ya maji asiyoyajua.
Kopo la rangi ya njano, brashi ya inchi mbili,
jiwe kando ya barabara ya kusini mwa Bonaire,
na juu ya jiwe, jina la mahali pa kuzamia,
ili wageni wenye magari ya kukodi wasipotee.
Jua na chumvi vikila herufi, yeye huzirudishia.
Akimaliza huipa bahari kisogo,
hupanda pikapu, hurudi Rincon
kwa mbuzi wake na redio.

Mimi bintiye, Mirelva, ndiye nishukaye.
Nawafunga wageni mitungi ya hewa,
nawahesabu wakizama, nawahesabu wakiibuka.
Jioni Baba huniuliza, "Wamelipa?"
Wameona nini, hajapata kuuliza.

Jumanne, wiki ya kwanza ya pensheni yake,
alikuja na suruali kuukuu ya kanisani
kaikata magotini kwa kisu,
akasimama penye jiwe lake mwenyewe, Wowo di Kabritu,
Jicho la Mbuzi,
akasema: "Haya, nionyeshe hilo jicho."

"Baba, maji ukiyavulia nguo..." nikaanza.
"Sijavua. Nimekata."

Nikamfunga mkanda wa risasi.
Nikatema mate ndani ya miwani yake, nikasugua,
akakunja uso: mate ya mwanangu, machoni pangu!
Nikamfundisha ishara tatu.
Gumba na shahada vikikutana: shwari.
Kiganja kikiyumba: kuna jambo.
Gumba juu: twende juu.
"Tatu tu? Mbuzi wangu wana zaidi."

Tuliingia kinyumenyume, mkono kwa mkono,
mapezi ya mpira yakitutembeza kama bata walewi,
hadi maji yakakubali kutubeba.

Mita nne. Tano.
Si kina cha mtu kujisifia,
ukiangusha shilingi juu utaiona ikitua.
Pumzi yake niliisikia kabla sijamtazama:
fupi, fupi, ya mtu anayekimbia mdai,
kisha ndefu,
kisha ndefu zaidi, kama amekumbuka kwamba hadaiwi.

Pono alikuwa macho.
Huyo huyo asifikaye kwa usingizi
alikuwa akiutafuna mwamba, kru, kru,
na nyuma yake mchanga ukimtoka mweupe.
Nikamwonyesha Baba ufuo kwa kidole,
kisha tako la pono.
Akaelewa. Mapovu yakamtoka kwa fujo,
miwani ikaingia maji kwa kicheko.

Halafu jicho.
Tumbawe la duara, pana kama meza ya watu sita,
limekunjamana kama ubongo,
na katikati ufa wa mchanga, umelala.
Mboni ya paka husimama. Ya mbuzi hulala.
Aliyelipa jina alifuga.
Theluthi yake imekufa, kijivu, ina ukoga;
sikuwa nimempa ishara ya hilo.
Baba aliuweka mkono wake juu ya ile sehemu,
karibu, bila kugusa,
kama anavyopima homa ya ndama wa mbuzi.

Kisha akanigeukia, akainua gumba.

Nikamshika kwapa, nikampandisha polepole,
moyo wangu ukidunda: kifua? masikio?
Juu ya maji akatema kinywa cha hewa:
"Nani kakwambia nataka kurudi?
Nilisema ni kuzuri!"

Tukashuka tena. Hewa yake ikaisha kabla yangu.

Alhamisi nilipita pale na wageni alfajiri.
Jiwe limepakwa upya, na hakuna aliyemlipa.
Chini ya jina kuna jicho, mboni imelala,
na upande mmoja kauacha jiwe tupu.
Mwanamke wa Utrecht akaniuliza
kama rangi ilimwishia mchoraji.
Nikampa miwani. Nikamwambia ateme mate.