Chumvi ya Siku ya Kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, Februari, mlima wa Pispala,
giza bado halijafikiria kuondoka.
Nimetoka zamu. Watoto watatu usiku huu;
wa tatu aligoma kulia hadi nilipomtekenya unyayo,
kisha akautukana ulimwengu wote kwa pumzi moja.
Mikono yangu inanuka sabuni ya hospitali
na theluji inalia chini ya viatu
kama mtu anayetafuna karanga kanisani.

Dirisha la Raili limeshika ukungu.
Ndani meza sita, viti visivyofahamiana,
mtambo wa kahawa unaokoroma,
na kengele ya mlango iliyokatika ulimi tangu Krismasi ya juzi,
hivyo anayeingia hutangazwa na baridi tu.

Hapa salamu ni kuinua kidevu.
Urho, aliyesukuma theluji ya mji huu kwa katapila miaka arobaini,
ameinua chake.
Hilkka hakuinua. Yumo ndani ya fumbo la maneno,
penseli moja sikioni, nyingine mkononi.
Kahawa ya kuchujwa, nyepesi, ya moto wa kuunguza ulimi;
kikombe cha pili bure,
cha tatu Raili anakutazama kwanza.

Leo nyuma ya kaunta kuna kijana.
Onni. Jina hilo kwetu ni bahati.
Aproni imemzunguka mara mbili, masikio mekundu,
na mbele yake sinia la maandazi ya mdalasini na iliki,
yale tunayoyaita kofi la sikio,
usiniulize kwa nini, nimezaliwa hapa na sijui.

"Nimeyaoka mwenyewe," akasema. "Tangu saa tisa usiku."

Nikauma.

Sasa, mimi si mtu wa kutia chumvi.
Chumvi ilikuwa imekwisha kutiwa.
Yote, kikombe kizima, palipokuwa pa sukari,
na juu yake, ziking'aa kama theluji ya kadi za sikukuu,
chembe nyingine za kupambia.

Nikamtazama Urho. Anatafuna polepole,
macho kayatuma dirishani,
kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni.
Hilkka akanisogezea gazeti.
Katika miraba saba, palipotakiwa jina la mto,
ameandika kwa penseli: USISEME.

Onni anangoja, mikono ndani ya aproni.
Huujui uzito wa macho ya mtu wa miaka kumi na saba
mpaka yakutue mdomoni.

"Iliki imekolea," nikasema, na haukuwa uongo.
"Imekolea," akasema Urho,
neno lake la kwanza tangu Ijumaa.
Kisha akaomba la pili.
La pili!
Kuna watu husemwa wamekula chumvi nyingi;
mimi nimemwona mmoja akiila, kwa hiari,
na kufuta makombo kwa kidole.

Raili akatoka stoo na maziwa,
akachukua andazi bila kuliangalia,
akauma.
Hata mtambo uliacha kukoroma.
Akatafuna. Akameza.
Akainua macho hadi rafuni,
kwenye makopo mawili ya bati, pacha,
vifuniko vya bluu, hayajaandikwa kitu
tangu mama yake alipoyaweka pale.

"Kesho," akasema, "nitayaandika majina makopo yangu."
"Makopo gani?" akauliza Onni.
Hakuna aliyejibu. Hilkka alifuta neno lake
akaanza kuutafuta mto.

Raili akaja na birika mezani kwangu
akanimiminia cha tatu
bila kunitazama.

Nililala saa tatu. Saa sita nikaamka, koo kavu kama jivu,
nikanywa maji nikiwa nimesimama, glasi moja, mbili, tatu,
miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi,
nikicheka peke yangu kama mwehu.