Fomu Haikuuliza Kilima

Dada Nyagawa wa utumishi alinisomea masharti mara mbili,
mara ya pili polepole, kama anayemlisha mtoto wa mwenzie:
makato miezi thelathini na sita,
mdhamini mmoja, picha ndogo mbili,
na baiskeli ni mali ya kiwanda
mpaka shilingi ya mwisho iingie.

Umbali, nyumbani hadi kazini?
Nikaandika: kilometa saba.
Fomu haikuuliza kilima.
Haikuuliza Pumua-Kwanza, ukishaipita Changarawe,
pale ambapo miaka ishirini na sita
nimeshuka nikaikokota Foniksi yangu
kama ng'ombe aliyegoma njia ya mnadani,
mwezi wa saba, umande umekuwa chumvi juu ya nyasi,
goti la kushoto likinihesabia hatua
kwa lugha yake.

Kazi yangu ni nguzo.
Zinafika zingali misindano, zinalia utomvu.
Tunazilaza tangini, tunazinywesha dawa
hadi ziwe kijani, hadi mchwa azisuse.
Kisha lori. Kisha sijui: Tabora, Kilwa, Kigoma.
Nimewasimamishia watu umeme nchi nzima,
na kwangu taa nimeivuta juzijuzi,
mwaka wa mtihani wa Vumilia.

Ilikuja ndani ya boksi, shingo imekunjwa.
Fundi Kadege akaikaza usukani, akaipima uzito, akaguna:
"Hii ni nzito kama deni."
Nami nimeshatia sahihi.

Asubuhi ya kwanza nilikanyaga kwa adabu,
kama mtu anayebisha hodi ugenini,
nayo ikaitika.
Si kusukumwa. Ni ile siku ya utotoni,
kaka ameshika tandiko kwa nyuma, anasema twende, twende,
unageuka, hayupo,
na baiskeli inakwenda.
Pumua-Kwanza ikapita chini yangu
bila kudai chochote.
Vijana wa mkaa wakapiga kelele: "Kamwene, mzee! Pikipiki imemeza sauti?"
Sikujibu. Nilikuwa nacheka, na baridi imejaa kwenye meno.

Sekalinga hakucheka.
Aliishika slipu ya mshahara kwa ncha za vidole:
"Basi huyu ni mtoto wa nne,
na ada yake haina likizo."
Usiku chaja inahema pembeni ya debe la mahindi,
kijitaa chekundu, halafu kijani.
Saa nane huamka, anaisoma mita
kama anayempima mgonjwa homa:
"Tokeni za wiki nzima, Mhanga,
zimeingia kwenye goti lako."

Nimepiga hesabu nyuma ya ratiba ya zamu.
Kato la mwisho ni Machi.
Kustaafu kwangu ni Machi.
Yaani siku itakapokuwa yangu kabisa,
kengele, betri na vumbi lake,
sitakuwa na kazi ya kuiendea.
Nikamuuliza dada Nyagawa.
Alicheka, kisha hakucheka.
"Mzee wangu, mpango unaitwa wa kwenda kazini."
Na wa kurudi?
Akaitafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika.

Jana nilisimama kileleni.
Sikuwa nimechoka; ni miguu tu, ina mazoea.
Miaka yote pale nilikuwa natazama ardhi,
mikono magotini, nikisubiri pumzi inikute.
Jana pumzi ninayo, nikatazama juu:
nguzo zimejipanga zikishuka kwetu,
ya tatu imeinama kidogo, kama anayesikiliza.

Nikaiegesha baiskeli, nikaisogelea.
Bamba lipo bado. Nikafuta kutu kwa mkono wa koti.
Mwaka. Namba ya tangi. Herufi ya zamu yetu.
Mwaka ule nilikuwa na goti zima.

Nikaigonga kwa kiganja, tunavyozigonga kiwandani
kusikia kama zimeoza moyo.

Ngo.

Nzima.