Kidole Kisichokuwepo

Mzee Alojzy wa ghorofa ya chini
aliacha vidole viwili mgodini, mwaka aliooa.
Mvua ikiikaribia Bytom
kimoja kati ya hivyo humuwasha.
Si vitatu vilivyobaki. Kile kisichokuwepo.
"Hivi vizima havijui kitu," husema
akijikuna hewani.

Mimi kazi yangu ni kuoka bati.
Si lile la kuezekea: huu ni utando,
urundike elfu moja
ndipo upate unene wa unywele.
Nauchoma ndani ya oksijeni
hadi kila atomu ipate jirani yake,
safu kwa safu, pasipo nafasi hata ya kupenyeza aibu.
Miezi saba nilitafuta utando usio na ila.
Nikaupata.
Nikaupulizia monoksidi ya kaboni,
ile hewa inayoua bila kubisha hodi,
isiyo na rangi, isiyo na harufu.
Sindano ya kipimo haikutikisika.
Utando wangu mzuri ulikuwa kiziwi.

Kisha usiku mmoja wa Januari
mtungi wa oksijeni ukaisha
tanuri likiwa bado linawaka,
nami nimelala juu ya daftari.
Asubuhi utando umegeuka kijivu
kama maji ya kuoshea masizi.
Atomu za oksijeni zimetoroka, hapa moja, pale moja,
hazikuaga.
Profesa Halszka alichungulia: "Tupa."
Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya ndoo.
Sijui kwa nini niliupima kwanza.

Sikiliza kilichotokea.
Penye pengo, hewa ya chumba huja kukaa.
Oksijeni mgeni hakai bure:
hukopa elektroni, huikumbatia kifuani,
na umeme ndani ya bati hujikokota
kama mtu aliyekopwa hadi nauli ya kurudia.
Kisha ije kaboni yenye njaa,
imnyakue yule mgeni, waondoke pamoja,
na deni lote limrudie mwenyewe kwa mkupuo.
Umeme ukimbie. Sindano iruke.
Niliruka nayo, peke yangu, na soksi moja.

Kizuri hakikosi ila, husemwa.
Kikikosa ila, hakisikii.

Lakini sitaki kudanganya: mapengo yakizidi
utando huwa mbea.
Niliutoboa mwingine zaidi;
ukapiga kelele kwa mvuke wa chai,
kwa manukato ya Halszka, kwa kitunguu cha mlinzi.
Wiki ya tatu ukasahau sifuri iko wapi.
Kupungukiwa nako kuna kipimo chake,
na bado sijakijua.

Ule wa kijivu niliutia kwenye kisanduku
nikakitundika karibu na jiko la vigae la mzee.
"Nimeshuka chini ya ardhi miaka thelathini na mmoja,
leo nifundishwe kupumua?"
Dirisha lake alikuwa ameliziba kwa sufu na magazeti.

Februari, ukungu ulikalia mabomba ya moshi
kama mtu mnene aliyekalia kifuniko.
Saa nane usiku, simu.
"Kidude chako kimenitukana usingizini,"
alisema, na nyuma ya sauti yake
nilisikia upepo: dirisha lilikuwa wazi.
"Kichwa kinapasuka. Miguu siisikii.
Nimekaa kwenye ngazi
na viatu vya marehemu mke wangu."

Nilishuka.
Theluji ilikuwa imeingia jikoni, inatua mezani
juu ya mkate.
Kisanduku kilikuwa kimenyamaza;
oksijeni ilikuwa inarudi, inaketi moja moja
mahali palipoachwa.
Mzee akanyoosha mkono kukigusa,
ule mkono wa vidole vitatu,
akakiuliza polepole
kama anayemuuliza mwenzake wa zamu:
"Na wewe, kinakuwasha wapi?"